Uzi: Nilikuwa Delft mwaka 2002, mwaka ambao Uholanzi ilitikisika kuanzia Januari mpaka mwisho

Mwana wa Usambara

Wakuu habari za muda huu.

Juzi humu nimesoma mtu anasema nchi za wenzetu siasa zao hazina presha, mtu anapiga kura anarudi zake nyumbani maisha yanaendelea. Nilitaka nimjibu palepale ila nikaona jibu linazidi kurefuka, bora nifungue uzi. Mwaka 2002 nilikuwa Uholanzi, nilipata skolashipu nikaenda kusoma mambo ya maji pale Delft, mji mdogo upo katikati ya The Hague na Rotterdam, yaani ukiwa na baiskeli yako miji yote miwili unafika. Nilitua vuli ya 2001 nikaondoka mwanzoni mwa 2003, kwa hiyo ule mwaka nimeuishi mwanzo mwisho na mpaka leo huwa naufikiria.

Nilipanga chumba kwa mama mmoja mjane, ana miaka sabini na kitu, mzaliwa wa Rotterdam, marehemu mumewe alifanya kazi bandarini. Huyu mama nitamtaja sana humu maana ndiye aliyenifundisha ile nchi kuliko gazeti lolote. Tangu aanze kupiga kura alikuwa anawapa PvdA, chama cha wafanyakazi, kama vile bibi zetu na TANU.

Serikali tuliyoikuta ilikuwa ya Waziri Mkuu Wim Kok wa hicho hicho PvdA. Wenyewe wanaiita serikali ya zambarau, kwa sababu PvdA rangi yao nyekundu, wakaungana na VVD ambao ni waliberali wa kulia rangi yao bluu, pamoja na D66, chama kidogo cha waliberali wa kati. Walikuwa madarakani tangu 1994. Kwa wasiojua, bunge lao lina viti 150 na hakuna majimbo kama kwetu, nchi nzima ni jimbo moja, ukipata asilimia kumi ya kura unapata asilimia kumi ya viti, sasa hakuna chama kinachoweza kutawala peke yake, lazima wakae mezani wagawane. Hii mkiielewa mtaelewa kwa nini mambo yalikwenda kasi vile.

Uchumi ulikuwa mzuri, kazi zipo. Mimi natoka Lushoto naona treni inachelewa dakika kumi watu wanalalamika nilikuwa nashangaa kweli. Ila mama mwenye nyumba alikuwa anasubiri kufanyiwa operesheni ya nyonga, foleni ya miezi, na mtaa aliokulia kule Rotterdam alikuwa anaogopa kupita jioni, na kila akisikia viongozi kwenye televisheni wanasema nchi inakwenda vizuri alikuwa anaizima. Akaniambia siku moja, hawa watu wananijibu kwa adabu sana lakini hawanisikii. Hilo neno nimelishika.

Januari mosi euro ikaingia mfukoni. Gilda yao ya miaka na miaka ikaondoka kabisa mwisho wa mwezi ule ule, euro moja kwa gilda 2.20371, sasa fikiria bibi wa miaka sabini sokoni anapiga hiyo hesabu akinunua samaki. Watu waliona bei zimepanda, serikali inasema hazijapanda sana, basi mabishano kila kona. Tarehe 2 Februari mtoto wa malkia, Willem-Alexander, akaoa Amsterdam, bibi harusi ni Máxima kutoka Argentina, na baba yake mzazi hakuhudhuria harusi ya binti yake kwa sababu aliwahi kuwa waziri kwenye utawala wa kijeshi wa Videla. Walipiga muziki wa tango wa Kiargentina kanisani, binti akatokwa machozi mbele ya nchi nzima. Mama mwenye nyumba naye alilia. Ilikuwa siku ya mwisho ya furaha ya pamoja niliyoiona kule kwa muda mrefu.

Naendelea, nakuja na habari za Fortuyn.

Dada Zai

Nimeweka mkeka kabisa, endelea kaka.

Mwana wa Usambara

Sasa huyu bwana. Pim Fortuyn, alizaliwa 1948, msomi wa sosholojia, amewahi kuwa profesa pale chuo kikuu cha Erasmus Rotterdam. Kipara kinang'aa, suti za bei mbaya, tai kubwa, ana dereva, ana mtumishi wa nyumbani, ana vimbwa vyake viwili, shoga anayejitangaza hadharani. Kwa siasa zao za watu wanaovaa kijivu na kwenda ofisini kwa baiskeli alionekana kama mtu aliyeshuka na mwavuli. Mwishoni mwa 2001 alichaguliwa kuongoza chama kipya, Leefbaar Nederland, tuseme Uholanzi ya kukalika. Wiki moja tu baada ya ile harusi, tarehe 9 Februari, gazeti la de Volkskrant likatoa mahojiano yake. Akasema Uislamu ni utamaduni uliobaki nyuma, na akataka ibara ya kwanza ya katiba, ile inayokataza ubaguzi, ifutwe. Kesho yake chama chake kikamtimua. Ndani ya siku chache akaanzisha orodha yake mwenyewe, Lijst Pim Fortuyn, LPF, ikiwa imebaki miezi mitatu tu uchaguzi wa bunge.

Watu wakasema kaisha. Machi 6 ukafanyika uchaguzi wa halmashauri za miji, kule Rotterdam alisimama na chama cha mtaani, Leefbaar Rotterdam, wakapata viti 17 kati ya 45. Rotterdam ni mji wa bandari, mji wa wafanyakazi, PvdA walikuwa nambari moja pale tangu vita kuu ya pili iishe. Usiku ule vyama vikakaa kwenye mdahalo laivu, Fortuyn anacheka anang'aa, na pembeni yake yupo Ad Melkert, ndiye aliyekuwa anajiandaa kumrithi Kok, kakunja uso, anajibu kwa mkato, hata kumtazama mwenzake ni tabu. Ile picha ilimmaliza Melkert. Mama mwenye nyumba alikuwa pembeni yangu na kikombe chake, akasema, umeona? Ndivyo wanavyonitazama mimi.

Wiki iliyofuata, siku Fortuyn anazindua kitabu chake The Hague cha kuikosoa miaka nane ya zambarau, vijana wakampiga keki usoni. Wengi walicheka. Mwenyewe hakucheka, na baadaye alisema kwenye televisheni kwamba likimpata jambo, wale viongozi wanaomchora kama shetani nao watakuwa wamehusika kujenga hiyo hali.

Pwani Mchangani

Ndugu yangu mimi nakusoma kwa heshima lakini nauliza. Huyu mtu kautukana Uislamu na anataka katiba iruhusu ubaguzi, mbona kama unamremba? Sisi wenye ndugu zetu kule Ulaya tunajua maneno kama hayo yanaanzia kwenye kampeni yanaishia mlangoni kwa mtu.

Mwana wa Usambara

Hapana shekhe wangu, simrembi na umeuliza haki kabisa. Maneno yake yaliumiza na niliyaona yakiumiza. Nilisoma na Msudani mmoja, mtu wa swala tano, mpole sana, baada ya yale mahojiano akawa akiingia dukani anahisi anatazamwa, na mimi mwenyewe kwenye basi nimewahi kuulizwa unarudi lini kwenu. Fortuyn alikuwa anasema Waholanzi milioni 16 wanatosha, nchi imejaa. Utajisikiaje ukiwa wewe ndiye wa kumi na sita milioni na moja?

Ninachotaka kueleza ni kwa nini bibi aliyekuwa ananipikia supu ya mbaazi, akaninunulia koti langu la kwanza la baridi, alikuwa anataka kumpigia kura. Nilimuuliza wazi. Akasema siyo kwa sababu yenu, ni kwa sababu yao. Na kwenye orodha ya Fortuyn, nambari mbili baada yake mwenyewe alikuwepo João Varela, kijana aliyezaliwa Cape Verde, kwa hiyo picha haikuwa nyepesi kama tulivyotaka iwe. Sikukubaliana na yule mama na nilimwambia. Tulibishana jioni nyingi, chai inapoa.

Nai254

Hii stori iko poa sana, weka ingine. Na Srebrenica si ilikuwa huo mwaka pia? Nakumbuka serikali nzima ilienda nyumbani.

Mwana wa Usambara

Ndiyo, hapo ndipo nilitaka kufika, na kwangu mimi hili ndilo kubwa kuliko yote.

Julai 1995, vita vya Bosnia, mji wa Srebrenica ulikuwa umetangazwa na Umoja wa Mataifa kuwa eneo salama, na waliokuwa wanalinda ni wanajeshi wa Kiholanzi, mia chache tu, silaha nyepesi. Jeshi la Waserbia wa Bosnia chini ya Ratko Mladić likauchukua mji, wanaume na vijana wa kiume wakatenganishwa na mama zao na wake zao, wakauawa zaidi ya 7,000 ndani ya siku chache. Watu waliokuwa wamekimbilia kambi ya Waholanzi pale Potočari walitolewa nje. Mwaka 1996 serikali ikawapa kazi wanahistoria wa taasisi ya NIOD wachunguze nini kilitokea. Walichukua miaka, maelfu ya kurasa, ripoti ikatoka tarehe 10 Aprili 2002.

Ripoti ilisema wale askari walipelekwa kwenye kazi isiyowezekana, maagizo hayaeleweki, mpango wa maana hakuna, viongozi walitaka nchi ionekane inafanya kitu. Lakini muuaji ni Mladić na watu wake, hilo halikubadilika. Sasa hapo serikali ingeweza kusema asanteni kwa ripoti, tumesikitika, uchaguzi ni mwezi ujao, tuendelee. Badala yake waziri Jan Pronk, wengine humu mnamkumbuka maana aliwahi kuwa waziri wa ushirikiano wa maendeleo na huku kwetu alijulikana, akaanza kusema wazi kwamba lazima watu wawajibike. Tarehe 16 Aprili, siku ya Jumanne, Kok akaenda bungeni akatangaza serikali nzima inajiuzulu. Alisema jumuiya ya kimataifa haina sura, haiwezi kusimama mbele ya wajane wa Srebrenica ikabeba wajibu, ila yeye anaweza na anabeba. Hakusema Uholanzi ndiyo yenye hatia ya mauaji, alisema anabeba wajibu wa kisiasa. Kesho yake mkuu wa jeshi la nchi kavu naye akaachia ngazi.

Pale chuoni kantini kulikuwa na dada mmoja Mbosnia anahudumia. Televisheni ilikuwa juu ya friji ya soda, Kok anaongea, yule dada kasimama na sahani mkononi haziweki chini. Alipomaliza akasema neno moja tu kwa Kiholanzi, miaka saba. Akaenda kuosha vyombo.

Wapo waliosema Kok kajiuzulu bei rahisi kwa kuwa alikuwa anastaafu tu. Nimelisikia hilo na sitaki kulipuuza, maana mahakama zao ziliendelea na kesi za akina mama wa Srebrenica mpaka 2019, mahakama ya juu kabisa ikaamua kwamba dola ya Uholanzi inabeba asilimia 10 ya wajibu wa fidia kwa wanaume 350 waliokuwa ndani ya kambi na wakatolewa. Asilimia kumi. Wale akina mama walitegemea zaidi ya hapo. Ila mimi niliyetoka kwenye nchi ambayo waziri akiharibu anahamishwa wizara, kumwona mtu anaondoka kwa jambo ambalo hakulifanya kwa mkono wake, kulinigusa kwelikweli na sioni aibu kusema.

Nai254

Na mwaka huo huo Julai mosi mkataba wa Roma ukaanza kutumika, ICC ikapata uhai hapo hapo The Hague. Sisi Wakenya huo mji tulikuja kuujua kwa jina baada ya 2007. Yaani mji ulioachia ngazi kwa Srebrenica ndio ukapewa korti ya dunia.

Mkwakwani Boy

Mkuu usisahau Feyenoord! Mimi 2002 nilikuwa mdogo lakini ile fainali tuliangalia kwenye banda la video Ngamiani.

Mwana wa Usambara

Siwezi kusahau mkuu, ila fainali yenyewe ilikuja siku mbili baada ya risasi, kwa hiyo lazima nipite kwanza pale.

Mei 4 Waholanzi wanakumbuka waliokufa vitani, saa mbili usiku nchi nzima inanyamaza dakika mbili, hata treni zinasimama. Mei 5 wanasherehekea ukombozi. Mei 6 ilikuwa Jumatatu, hali ya hewa nzuri, zimebaki siku tisa kwenda kupiga kura, na kura za maoni zinamuonesha Fortuyn anaweza kuwa hata Waziri Mkuu. Jioni alikuwa Hilversum, mji wa maredio na televisheni, kwenye mahojiano ya redio. Kumalizika tu, saa kumi na mbili jioni na dakika chache, anatoka kwenda kwenye maegesho, mtu akamfuata kwa nyuma akampiga risasi. Akafia palepale chini, miaka 54. Dereva wake akamkimbiza muuaji huku yuko kwenye simu na polisi, akakamatwa baada ya dakika chache karibu na sheli.

Kabla jina la muuaji halijajulikana kulikuwa na kama saa moja na nusu hivi ambayo sitaisahau. Msudani wetu alinipigia simu, anaongea kwa kunong'ona utadhani kuna mtu mlangoni, akasema, ndugu, muombe Mungu asiwe Muislamu. Nikajikuta naomba kweli. Mitaani Rotterdam na kwingine familia za Kimoroko na Kituruki zote zilikuwa kwenye ombi hilo hilo. Baadaye ikatangazwa kwamba ni Mholanzi mzungu, Volkert van der Graaf, mwanaharakati wa mazingira na haki za wanyama. Simu ikalia tena, Msudani analia, na mimi nikakaa chini kwenye ngazi. Kumbe mtu unaweza kushukuru na kuhuzunika kwa wakati mmoja na ukaona haya kwa yote mawili.

Usiku ule The Hague watu wenye hasira walijazana karibu na bunge, wakapambana na polisi, magari yakachomwa. Nchi ambayo mara ya mwisho kiongozi wake kuuawa ilikuwa 1672, ndugu wawili De Witt waliouawa na umati, na kabla yao Willem wa Oranje mwaka 1584, aliyepigwa risasi hapo hapo Delft mita chache na nilipokuwa nasoma, alama za risasi ukutani wanazo mpaka leo. Mimi nilikuwa nimeshaenda kuziona zile alama nikaziona kama historia ya kale.

Mama mwenye nyumba hakulala. Asubuhi alipanda treni na fimbo yake akaenda Rotterdam kuweka maua mbele ya nyumba ya Fortuyn, nikamsindikiza. Maua yalikuwa mpaka barabarani, barua, vikaragosi, mishumaa. Kulikuwa na Waholanzi weupe, kulikuwa na watu weusi wa Suriname na Cape Verde, wazee na watoto wa shule. Hakuna aliyeniuliza wewe unafanya nini hapa. Mama alisoma karatasi moja kwa sauti, imeandikwa tulikuwa tumepata mdomo. Nilimshika mkono maana nyonga ilikuwa inamuuma.

Dada Zai

Hapo kwa Msudani nimesimama kwanza. Allah awape wepesi. Na uchaguzi waliahirisha?

Mwana wa Usambara

Hawakuahirisha dada. Kampeni zilisimama lakini uchaguzi ukabaki tarehe ile ile, na watu wa LPF wenyewe walitaka uendelee. Karatasi za kura zilishachapwa, jina la marehemu likabaki juu ya orodha, na zaidi ya watu milioni moja walimpigia kura mtu aliyekwisha kuzikwa. Kwenye mazishi yake Rotterdam Mei 10 watu walikuwa wanapiga makofi jeneza linapita, kwao si kawaida kabisa.

Mkwakwani Boy, sasa fainali. Mei 8, kombe la UEFA, na bahati ikaangukia ichezwe De Kuip, uwanja wa Feyenoord wenyewe, Rotterdam ikiwa kwenye msiba. Walicheza na Borussia Dortmund wakashinda 3-2, Pierre van Hooijdonk mawili, la penati na ule mpira wa adhabu, Tomasson la tatu, na mle ndani kulikuwa na dogo wa miaka 18 anaitwa Robin van Persie. Niliangalia baa moja Delft, goli linaingia watu wanaruka, halafu wanakaa kimya ghafla kama wamekumbuka kitu. Shangwe na msiba zilichanganyika, sijawahi kuona vile tena. Na mjue Uholanzi haikufuzu hata Kombe la Dunia la mwaka ule, wakabaki kumshangilia kocha wao Guus Hiddink akiipeleka Korea Kusini nusu fainali.

Matokeo ya Mei 15: CDA, chama cha Wakristo cha Jan Peter Balkenende, ambaye wakati wa makelele yote yeye hakumtukana Fortuyn, viti 43. LPF 26, chama cha miezi mitatu kisicho na mwenyewe. VVD kutoka 38 mpaka 24. PvdA kutoka 45 mpaka 23. Melkert akajiuzulu uongozi usiku ule ule, wa VVD naye akafuata. D66 kutoka 14 wakabaki 7. Zambarau ikafutika.

Nai254

Lakini hao LPF si walikuja kusambaratika? Na Ayaan Hirsi Ali aliingia wapi, maana huyo msichana amekulia Nairobi, amesoma hapa.

Mwana wa Usambara

Walisambaratika na inauma kusimulia, kwa sababu yule mama na wenzake waliwaamini. Julai 22 serikali ya CDA, VVD na LPF ikaapishwa. Siku hiyo hiyo, nasema siku hiyo hiyo, naibu waziri mmoja wa LPF, Philomena Bijlhout mzaliwa wa Suriname, akajiuzulu baada ya televisheni kutoa picha zake akiwa na sare za mgambo wa Bouterse, mtawala wa kijeshi wa Suriname, za mwaka 1983, wakati alisema alikuwa ametoka huko kabla ya wapinzani 15 kuuawa Disemba 1982. Hakumaliza siku ofisini. Baadaye mawaziri wawili wa LPF, Bomhoff wa afya na Heinsbroek wa uchumi, wakawa hawaongei, kila mmoja anavutana na mwenzake kuhusu nani mkubwa. Wabunge nao wanafukuzana, kiongozi wa chama anabadilishwa. Fortuyn alikusanya watu haraka haraka, wengi hawajawahi kukaa hata kamati ya mtaa, na mwenye kuwaunganisha hayupo. Foleni ya hospitali? Mama alifanyiwa operesheni Septemba, kwa zamu yake ile ile ya zamani.

Ayaan ni kweli, alizaliwa Mogadishu, akakulia Nairobi, akaingia Uholanzi 1992 kama mkimbizi. Mwaka 2002 alikuwa anafanya kazi kwenye taasisi ya utafiti ya PvdA, akaongea kuhusu Uislamu na wanawake kwenye televisheni, vitisho vikaanza mpaka akajificha, na mwisho wa Oktoba akahamia VVD. Namna alivyousema Uislamu sikubaliani nayo hata kidogo, ila mwanamke kutembea na walinzi kwa sababu ya maneno, hapana, na hilo nililisema hata kwa yule Msudani na yeye alikubali.

Oktoba 6 akafariki Prince Claus, mume wa Malkia Beatrix, miaka 76. Akazikwa Delft Oktoba 15 kwenye Nieuwe Kerk, kanisa lile lile alimolala Willem wa Oranje. Mawaziri wote walikaa mle kanisani kwa huzuni, na nchi inadhani angalau wiki hii watatulia. Kesho yake tu, Oktoba 16, Bomhoff na Heinsbroek wakaachia ngazi na serikali ikaanguka. Hata siku 90 haikufikisha. Mama mwenye nyumba aliweka vizuri sahani mezani, akakaa, akasema hata kaburi hawakuacha likauke.

Januari 22, 2003 wakapiga kura tena: CDA 44, PvdA na kiongozi kijana Wouter Bos wakarudi mpaka 42, LPF wakashuka kutoka 26 mpaka 8. Mama alirudi PvdA. Nikamuuliza umesamehe? Akasema hapana, ila safari hii huyu kijana alikuja mpaka sokoni akasimama akanisikiliza. Van der Graaf alikiri, akahukumiwa miaka 18, akatoka 2014. LPF ikafa kabisa, lakini ile hasira haikufa nayo, alikuja Geert Wilders, mwanasiasa mwingine wa kupinga Uislamu na wahamiaji, na 2023 chama chake kilipata viti 37 kikawa cha kwanza.

Mkwakwani Boy

Samahani mkuu, huyo Prince Claus ndiye yule wazee wa Tanga wanasema aliishi Usambara au ni hadithi tu?

Mwana wa Usambara

Si hadithi mkuu, na ndiyo maana nimekuwa nasubiri mtu aulize. Alizaliwa Ujerumani 1926, baba yake akaja kufanya kazi kwenye mashamba Tanganyika 1928, na mtoto akasoma shule ya bweni Lushoto miaka ya 1930. Alipomuoa Beatrix 1966 Waholanzi wengi hawakumtaka, Mjerumani aliyewahi kuvaa sare za jeshi la Hitler akiwa kijana, siku ya harusi wakarusha mabomu ya moshi njiani Amsterdam. Miaka ikapita, akajikita kwenye mambo ya maendeleo na Afrika, akaugua sonona akasema wazi kwamba anaumwa, na mpaka anafariki walikuwa wanampenda kuliko karibu wote kwenye ile familia. Mwaka 1998 kwenye sherehe ya tuzo za utamaduni, baada ya kuona mavazi ya wabunifu wa Kiafrika, alivua tai yake mbele ya watu akaitupa chini miguuni kwa mkewe, akawaambia wanaume wa dunia wavue hizo kamba. Siku ya msiba niliona wanaume kadhaa njiani wamekuja na suti bila tai.

Nilisimama kando ya barabara Delft, jeneza likapita kwenye gari la farasi, askari wanatembea taratibu, watu wamejaa na hakuna kelele, unasikia kwato tu. Nimetoka mlima ule ule aliosomea yeye. Jioni nikanunua kadi ya simu nikapiga kwa jirani yetu Lushoto mwenye simu, akamwita mama. Nikamwambia leo wamemzika mume wa malkia, na alikuwa mtoto wa kwetu hapo, alisoma shule Lushoto kabla hujazaliwa. Mama akanyamaza kidogo. Akauliza, ana watoto? Nikasema wa kiume watatu, wote walikuwepo. Akasema afadhali. Halafu akasema, ukimwona huyo mama yao mpe pole yetu. Nikamwambia mama, ni malkia, siwezi kumfikia. Akasema basi mwambie huyo bibi unayekaa kwake, naye si amefiwa na mume. Nikateremka chini jikoni nikampa pole mama mwenye nyumba kutoka Lushoto, akafunga jiko, akakaa, akaniomba nimpigie tena simu mama yangu, maana yeye anataka kumshukuru.